Zinki ikituama, kinga haipo

Msomaji wetu wa Tanga analea mtoto mwenye ualbino, na mafuta ya kukinga jua anayopewa kliniki hayafiki mwisho wa mwezi. Akanunua unga wa oksidi ya zinki, akauchanganya na mafuta ya nazi kwenye blenda, akajaza chupa. Kesho yake mafuta yalikuwa juu, maangavu, na unga umelala chini. Anauliza kama inatosha kuitikisa chupa kabla ya kumpaka mwanawe, kama tunavyofanya kwa losheni ya kalamaini.

Haitoshi. Kutikisa kunaurudisha unga ndani ya mafuta, lakini hakuvunji madonge, na madonge ndiyo yatakayomponza mtoto.

Kwamba zinki inakinga, hilo halina ubishi. Mwaka 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipitia viambato 16 vya kukinga jua ikapendekeza viwili tu vitambuliwe kuwa salama na vyenye kufaa: oksidi ya zinki na dioksidi ya titani. Wengi hudhani vinafanya kazi kama kioo, kwa kuirudisha mionzi ilikotoka. Kwa kweli sehemu kubwa ya urujuanimno humezwa ndani ya chembe na kuishia kuwa joto dogo lisilohisika. Ugumu uko kwingine: chembe hizo zitakaaje chupani zikiwa zimetawanyika, miezi na miezi, katika joto la Tanga?

Tuanze na uzito. Sentimita moja ya ujazo ya oksidi ya zinki ina gramu 5.6, ya mafuta ya nazi haifiki gramu moja. Zinki lazima izame. Itazama kwa kasi gani? Hesabu hiyo aliifanya George Gabriel Stokes, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland, mwaka 1851: kasi hufuata mraba wa kipenyo cha chembe. Kipenyo kikipungua mara 10, mwendo unapungua mara 100. Donge lililoshikana la mikromita 10, ndani ya mafuta ya nazi yaliyoyeyuka, hushuka takriban sentimita 2 kwa saa, hivyo chupa ya kimo cha sentimita 5 hutuama kabla hakujakucha. Chembe ya mikromita 0.1 katika mafuta yaleyale ingehitaji zaidi ya miaka 2 kwenda umbali huohuo. Chupa ya msomaji wetu imejieleza yenyewe: iliyotuama kwa usiku mmoja imejaa madonge.

Donge moja la mikromita 10 likivunjwa lote kuwa chembe za mikromita 0.1 hutoa chembe milioni moja. Zitandaze juu ya ngozi pasipo moja kuilalia nyingine, nazo zitafunika eneo kubwa mara 100 kuliko lile lililofunikwa na donge. Zinki ni ileile, uzito ni uleule. Iliyoganda pamoja huacha matundu, na hapo ndipo kinga inapoangukia. SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya kuungua: losheni ya SPF 30 hupitisha kiasi cha asilimia 3.3 tu ya mionzi inayounguza. Asilimia 10 ya ngozi ikibaki tupu, asilimia 10 ya mionzi hupita, na SPF nzima haiwezi kuzidi 10, hata uipake sehemu iliyobaki zinki kiasi gani.

Basi unga si usagwe tu? Viwandani husagwa, kwa mfano kwa mashine za rola tatu zinazozunguka kwa kasi tofauti na kuyapasua madonge yanapopita katikati. Lakini kusaga ni nusu ya kazi. Chembe mbili zikikaribiana mno, mvutano wa Van der Waals huzinasa, na zikiwa nyingi na ndogo hugongana bila kukoma. Zikiachwa bila ulinzi, hushikamana upya. Ulinzi wenyewe ndio unaonivutia kuliko yote katika elimu hii ya krimu.

Unatokana na kiambato nitakachokiita kitawanyishi. Nisingependa kiitwe kiyeyushi, maana zinki haiyeyuki ndani ya mafuta. Hubaki chembe ngumu. Kinachotumika sana ni asidi ya polihidroksisteariki, ambayo asili yake ni mafuta ya mbarika. Molekuli yake ina kichwa kinachojishika kwenye zinki, na mkia mrefu unaopatana na mafuta. Vichwa vikishajishika, mikia huchanua nje pande zote.

Mfikirie mmachinga wa Kariakoo aliyejitundika mafagio mwili mzima, mbele, nyuma na ubavuni, nyasi zikielekea nje. Wawili wa namna hiyo wakikutana uchochoroni hawagusani kifua kwa kifua, mafagio yanatangulia. Umati ukiwasukuma, nyasi zinajipinda, na msukumo ukilegea zinawarudisha nyuma. Mikia nayo ikibanwa hupoteza uhuru wa kujinyoosha na kujipinda itakavyo, na mafuta ya pembeni huingia pale iliposongamana, yakizitenga chembe. Mmachinga akiwa na mafagio matatu tu, kifua kiko wazi. Ndivyo ilivyo kitawanyishi kikipungua, na fagio moja linaweza hata kuwanasa wawili likawafunga pamoja. Kamba ikiwa dhaifu, mafagio yanadondoka kwenye msongamano: kichwa cha molekuli lazima kishike barabara. Mafagio yakiwa mafupi mno, wawili watakaribiana hadi kushikana mikono. Yakilowa na kunywea mwilini, hayamkingi mtu: mikia inayopatana na mafuta ikikutana na kimiminika kisichopatana nayo hujikunja, na chembe zinabaki uso kwa uso. Ndiyo maana zinki iliyotawanyika vizuri inaweza kuganda siku mtengenezaji anapobadilisha aina ya mafuta.

Zinki ina ukorofi mwingine, wa kikemia. Ikikutana na asidi huachia ioni, na ioni hizo huzifunga pamoja nyuzi za kaboma, kinenesha cha krimu nyingi, hata krimu nzito ikawa majimaji. Asidi ya steariki nayo huweza kugeuka sabuni ya zinki. Kwa hiyo chembe nyingi hupewa tabaka jembamba la silika au silani. Kwa titani tabaka hilo lina kazi zaidi, kwa kuwa titani tupu ikipigwa na mwanga huchochea viambato jirani kuharibika.

Kalamaini iko mbali na haya. Imeundwa ituame kwa utaratibu: huwekwa udongo wa bentonaiti na sitreti ya sodiamu ili mashapo yainuke kirahisi chupa ikitikiswa. Kazi yake ni kutuliza mwasho, kazi isiyoharibiwa na tundu la mikromita chache.

Na kama udogo wa chembe unakutia hofu, zikiwa ndani ya losheni hazina shida. Zisipuliziwe hewani zikavutwa.

Mama wa Tanga asiitegemee chupa ile, wala asiongeze zinki akidhani atafidia matundu. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli vinakinga bila kutikiswa. Losheni imtokee mahali penye mashine ya kusagia, kitawanyishi na kipimo cha SPF. Inawezekana kuitengeneza hapahapa: Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwa kuwa jiko la nyumbani haliwezi kazi hii, kliniki haina ruhusa ya kuishiwa. Mafuta ya kukinga jua yahesabiwe dawa, yaagizwe kama dawa, na mtoto wa Tanga ayakute kila mwezi, ya kutosha mwezi mzima.