Kutoka Eldoret hadi Mbita: Gari Halisubiri Feri

Shule zinapofungwa, na karibu kila Ijumaa kunapokuwa na mazishi, steji za magari ya Kisumu mjini Eldoret hupokea abiria ambao safari yao haiishii Kisumu. Wanaelekea Mbita, Rusinga, Mfangano na visiwa vidogo vya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay. Wengi wao ni wakazi wa Uasin Gishu: walimu, wafanyabiashara wa samaki, wanafunzi wa vyuo, vijana wa kazi za ujenzi. Wengine walikuja kliniki katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi (MTRH) na sasa wanarudi nyumbani. Swali lao ni moja: gari likiondoka Eldoret sasa hivi, feri itapatikana?

Jibu linategemea zaidi saa ya kuondoka kuliko kasi ya dereva. Kaunti ya Uasin Gishu haina ziwa wala haina feri, na ratiba ya kivuko hicho haipangwi Eldoret. Hata hivyo, wakazi wake wanaokwama ziwani jioni ni wengi kiasi kwamba inafaa safari hii ielezwe hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni Eldoret hadi Kisumu. Magari mengi hupitia Kapsabet, yakashuka Chavakali na Majengo, kisha yakaingia Kisumu kwa barabara ya Kakamega kupitia Mamboleo na Kondele. Barabara ikiwa wazi, ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu. Ukungu wa Nandi asubuhi na malori kwenye miteremko huongeza muda. Kinachoongeza muda zaidi ni kungoja gari lijae. Matatu ya abiria 14 ikiwa na watu sita tu saa kumi na moja alfajiri huenda isiondoke mpaka saa kumi na mbili na nusu, hata makanga akiapa kwamba "tunatoka sasa hivi." Anayepiga hesabu ya safari aanze kuhesabu kutoka gari linapoondoka. Saa aliyofika steji haimsaidii.

Hatua ya pili ni Kisumu hadi Luanda Kotieno, katika Kaunti ya Siaya. Hapa abiria hubadilisha gari. Gari jipya hutoka Kisumu upande wa magharibi, hupita uwanja wa ndege, huacha barabara ya Busia pale Kisian na kuelekea Bondo. Kutoka Ndori barabara hushuka kusini katika rasi ya Uyoma mpaka ufukweni. Ni kama saa mbili, na zaidi kidogo gari likisimama kila soko. Yapo magari yanayokwenda moja kwa moja mpaka Kotieno, na yapo yanayoishia Bondo au Ndori, ambako abiria hulazimika kutafuta gari jingine au bodaboda. Ni vizuri kuuliza kabla ya mzigo kupandishwa juu ya gari: "Hili linafika majini, au linaishia Bondo?"

Kuna kosa moja ambalo wageni wa njia hii hulifanya kila mara. Luanda ni mbili. Iko Luanda ya Vihiga, soko kubwa kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na iko Luanda Kotieno ya Siaya, kando ya ziwa. Mtu akimwambia kondakta wa Eldoret "nashuka Luanda," huenda akateremshwa Majengo na kuonyeshwa gari la Luanda ya Vihiga, tena kwa nia njema kabisa. Atafika sokoni na mizigo yake na hataona maji. (Kwa Kijaluo, lwanda ni mwamba, na miamba haikosekani upande ule, kwa hiyo jina kujirudia si ajabu.) Dawa yake ni kutamka jina lote, Luanda Kotieno, au kusema tu "feri ya Mbita."

Hatua ya tatu ni maji yenyewe. Luanda Kotieno na Mbita hutazamana katika mlango wa Ghuba ya Winam, mahali ghuba inapofunguka kuingia ziwa kuu. Feri inayobeba watu na magari huvuka kwa muda wa kama saa moja. Anayetazama ramani ataona kwa nini watu huithamini. Bila feri, mtu aliye Kisumu hana budi kuzunguka ghuba nzima kupitia Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay ndipo aingie Mbita.

Ukijumlisha, safari nzima huchukua saa saba au nane pamoja na kungoja. Anayeondoka Eldoret saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuwa gatini saa saba mchana, na ana nafasi ya kukosa feri moja na bado akapata nyingine. Anayeondoka saa sita mchana atafika Kotieno jua likizama. Huyo anacheza bahati nasibu. Ratiba ya feri hubadilika kwa matengenezo, kwa hali ya ziwa na kwa wingi wa abiria, kwa hiyo simu moja kwa mwenyeji wa Mbita au kwa mhudumu wa gatini siku iliyotangulia ina faida kuliko ratiba ya mwaka jana iliyohifadhiwa kwenye simu. Swali la kuuliza ni moja: feri ya mwisho kutoka Kotieno leo ni saa ngapi? Na majibu yote yahesabiwe kwa saa za Kiswahili. Wapo waliosikia "saa kumi" wakadhani ni saa kumi za usiku kwa hesabu ya Kizungu, wakafika gatini feri ikiwa imeshavuka zamani.

Kwa nini gari na feri havikuunganishwa? Hapo zamani viliwahi kuunganishwa kwa namna fulani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na meli za ziwani zikaendeshwa na shirika lile lile la reli. Reli ya Uasin Gishu ilifika Eldoret mwaka 1924. Aliyepanga saa ya treni na aliyepanga saa ya meli walikuwa chini ya mwajiri mmoja, na treni ikichelewa, bandari ilikuwa na sababu ya kujua. Mpango huo ulisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Leo kila kipande cha safari kina mwenyewe. Sako ya matatu ya Eldoret haina mkataba na sako ya Bondo, na hizo mbili hazina mkataba na mwenye feri. Gari likipata pancha Kapsabet, hakuna mtu wa kupiga simu gatini kusema abiria watano wako njiani. Mwenye kuunganisha safari ni abiria mwenyewe, na chombo chake cha kuunganishia ni muda wa ziada.

Feri ikishaondoka, yako mambo matatu ya kufanya, na moja kati yake halifai. La kwanza ni kulala. Luanda Kotieno ina vyumba vichache vya wageni na Bondo ina vingi zaidi, kwa hiyo anayeona tangu Kisumu kwamba amechelewa afadhali alale Kisumu au Bondo na avuke asubuhi. La pili ni kuzunguka kwa barabara. Yapo magari ya Kisumu kwenda Homa Bay, na kutoka Homa Bay kuna barabara ya lami hadi Mbita. Ni mbali, lakini anayejua mapema kwamba hataiwahi feri huokoa usiku mzima kwa kuamua hivyo akiwa bado Kisumu. Akishafika Kotieno, kurudi nyuma ni hasara ya nauli mara mbili.

La tatu ni kupanda boti ndogo gizani pamoja na wengine waliochelewa. Hili ndilo halifai, na ndilo linalovutia zaidi, kwa sababu taa za Mbita zinaonekana ng'ambo na mwenye boti anasema ni dakika chache tu. Mlango wa ghuba hupata upepo na mawimbi ambayo mtu aliyesimama ufukweni hayaoni. Boti ya usiku mara nyingi hujazwa kupita kiasi kwa sababu kila mtu amekata tamaa, na jaketi za kuokolea maisha zikiwapo huwa hazitoshi. Ziwa hili limeshaonyesha linavyoweza kufanya hata kwa chombo kikubwa, mchana, karibu na nchi kavu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere nchini Tanzania kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimesajiliwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 200. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, na watu walikuwa wanarudi nyumbani.

Kwa hiyo hata mchana abiria ana haki ya kutazama kabla ya kupanda. Chombo cha abiria katika maji ya Kenya hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba imewekewa kikomo. Jaketi ya kuokolea maisha huvaliwa na kufungwa kabla boti haijang'oa. Ile iliyokaliwa kama mto haimsaidii mtu. Mtoto avalishwe ya ukubwa wake. Chombo kikikaribia gati, watu wakae walipo mpaka kifungwe kamba. Kukimbilia upande mmoja ili kushuka wa kwanza ni hatari. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa, na radio za Kisumu na Homa Bay huusoma.

Magari binafsi yana shida yao. Sitaha ya feri hubeba magari machache kwa mara moja, na msafara wa mazishi wa magari manane hauwezi kutegemea kuvuka pamoja. Familia nyingi zimewahi kuona gari la maiti likivuka na waombolezaji wakibaki Kotieno, au kinyume chake, ambayo ni mbaya zaidi. Kamati ya mazishi inayokutana Eldoret iamue mapema: ama gari la maiti na magari mawili ya familia ya karibu yapite feri kwa mpango uliokubaliwa na wenye feri, na basi la waombolezaji lizunguke kwa Homa Bay likiondoka usiku uliotangulia, ama msafara wote uzunguke. Kugawanyika bila mpango ndiko kunakochelewesha mazishi mpaka jioni.

Akishafika Mbita, wa Rusinga amekwisha kufika. Kisiwa kiliunganishwa na bara kwa tuta katika miaka ya 1980, na baadaye daraja likajengwa ili maji yapite tena. Bodaboda humfikisha popote kisiwani, hata Kamasengre kwenye kaburi la Tom Mboya. Wa Mfangano, Takawiri na visiwa vingine bado ana maji ya kuvuka kwa boti kutoka Mbita, na boti hizo nazo huisha mapema. Mtu wa Sena, makao ya Mfangano, ajue kwamba saa yake ya mwisho haipimwi Kotieno. Inapimwa Mbita. Feri ya mwisho kutoka Kotieno inaweza kumfikisha Mbita salama na kumwacha huko mpaka kesho.

Wanaokwenda pwani wana mambo mepesi zaidi. Feri ya Likoni huvuka mchana na usiku na mwenye miguu halipi kitu, kwa hiyo basi la usiku kutoka Eldoret likichelewa kuingia Mombasa, abiria wa Diani hapotezi zaidi ya subira. Wa Lamu ndiye anayefanana na wa Mbita: basi humshusha Mokowe, na kutoka hapo ni boti.

Jambo la mwisho linawahusu wagonjwa. Anayerudi visiwani kutoka MTRH abebe dawa za siku mbili zaidi ya mahesabu yake, ziwe mkononi na si kwenye mzigo wa juu ya gari, na mwenye dawa za kuhifadhiwa kwenye baridi amweleze mfamasia kwamba atakuwa njiani siku nzima. Anayekuja Eldoret naye asikubali miadi ya asubuhi akitegemea kuvuka siku hiyo hiyo. Hata akipanda feri ya kwanza Mbita, atafika Eldoret mchana, kliniki nyingi zikiwa zinafunga foleni. Akimwambia muuguzi anayeandika kadi kwamba anatoka ng'ambo ya ziwa, anaweza kuomba apangiwe tarehe ambayo ataweza kulala Eldoret kwa jamaa usiku wa kuamkia siku hiyo.