Mwari wa Ngamiani

Enzi za Mwingereza, reli ndiyo iliyokuwa mpaka wa Tanga. Upande wa bahari, Raskazone, walikaa Wazungu. Mjini kati, maduka ya Wahindi. Ukivuka reli umefika Ngamiani kwa Waafrika, mitaa iliyonyooshwa ikapewa namba, na hata leo mtu akikuelekeza atakutajia barabara ya ngapi. Shule nazo ziligawanywa kwa rangi. Ya Mwafrika ilipata kidogo kuliko zote, na katika hicho kidogo walitangulizwa wavulana. Vijijini, Muheza na Pangani, katikati ya mkonge, binti aliambulia jembe.

Shule yake ilikuwa unyago. Akivunja ungo, habari ilipelekwa kwa bibi au shangazi, akatafutiwa somo, yaani kungwi. Mwari akawekwa ndani, asionwe na wanaume. Akasingwa liwa, akafundishwa kujitunza siku zake, adabu mbele ya wakwe, maana ya shanga kiunoni. Hakuhubiriwa: aliimbiwa mafumbo, msondo ukilia, na aliyezembea kufumbua alifinywa. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliziandika desturi za pwani ya Mrima katika kitabu kilichotoka 1903, unyago ukiwemo. Yeye mwanamume, ya ndani aliyajuaje, ni siri yake.

Siupambi. Unyago ulimfunza binti mengi ya kumridhisha mume, machache ya kumkataa, na wengi walitolewa ndani wakaenda moja kwa moja kuolewa. Lakini nani mwingine aliyemweleza mwili wake bila kumwonea haya? Baba hakuthubutu. Mshairi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, yeye alimwandikia binti yake mawaidha, Utenzi wa Hati. Ni baba wangapi waliokuwa na kalamu hiyo?

Leo kungwi hulipwa, ukumbi hukodiwa, na mwari huenda ana shahada yake na amejichagulia mume. Wa kijijini bado ana haraka ya kuolewa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, huku mvulana akisubiri 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya umri huo vinakwenda kinyume cha Katiba.