Uigizaji Uliofidia Uhaba wa Fedha: Cushing na Lee katika Filamu za Hammer

Filamu ya kutisha humtaka mtazamaji akubali, kwa muda wa saa moja na nusu, jambo ambalo akili yake inalikataa, kama vile maiti kufufuliwa na daktari au mfu kuishi kwa kunyonya damu. Mtayarishaji mwenye fedha nyingi huweza kuuvunja ukaidi huo kwa majengo makubwa na mbinu za kamera, lakini asiye nazo hulazimika kuutwika mzigo wote uso, sauti na mwili wa mwigizaji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Hammer, kampuni ndogo ya Uingereza iliyofanya kazi katika nyumba ya zamani iliyogeuzwa studio huko Bray, kando ya mto Thames. Mwaka 1957 ilitoa The Curse of Frankenstein kwa takriban pauni 65,000, na mwaka uliofuata ikatoa Dracula, zote zikiongozwa na Terence Fisher.

Peter Cushing, aliyekwisha kuigiza katika Hamlet ya Laurence Olivier mwaka 1948, hakuzichukulia filamu hizo kuwa kazi ya hadhi ya chini. Alijulikana hasa kwa ustadi wa kutumia vitu vya mkononi, yaani vifaa vidogo ambavyo mhusika huvishika anapozungumza au kutenda. Akiwa Baron Frankenstein, anaikata maiti kisha anajifuta damu kwenye koti lake bila hata kulitazama, na kitendo hicho kinaonyesha, pasipo maneno wala gharama, mtu ambaye unyama umekuwa mazoea kwake. Katika pambano la mwisho la Dracula, ni yeye aliyependekeza kwamba Van Helsing, mwindaji wa wanyonya damu, aunde msalaba kwa kupishanisha vinara viwili vya mishumaa, badala ya kuutoa mfukoni. Katika The Brides of Dracula ya 1960, mhusika huyohuyo anaichoma shingo yake mwenyewe kwa chuma cha moto baada ya kuumwa; kinachomshtua mtazamaji hapo ni maumivu yanayosomeka usoni pake.

Christopher Lee alifuata njia tofauti. Dracula wake anaingia kwa adabu, akishuka ngazi na kumkaribisha mgeni kwa sauti tulivu, na maneno yake yote yamo katika sehemu ya mwanzo. Baada ya hapo urefu wake wa zaidi ya mita 1.9, mwendo wake na macho yake ndivyo vinavyozungumza. Kwa kuwa mtazamaji amekwisha kumwona akiwa muungwana, anapotokea ghafla akiwa na damu mdomoni hofu inakuwa kubwa kuliko kama angekuwa dubwana tangu mwanzo.

Hata hivyo, uigizaji bora hauponyi kila udhaifu, kwani hadithi legelege hubaki legelege, na mandhari iliyotumika katika filamu mbili mfululizo hutambulikana. Alichoweza kufanya mwigizaji ni kuyaamini mazingira hayo kwa dhati: Cushing alipomkabili Lee bila dalili yoyote ya mzaha, mtazamaji alikosa sababu ya kucheka, na kuta za mbao zilizopakwa rangi zikawa kasri alilolihofia.