Kipuri Nacho ni Silaha

Barabara inayotoka Bunda, mkoani Mara, kupitia Bulamba huishia majini Kisorya, na anayekwenda Ukerewe huendelea kwa kivuko hadi Rugezi. Upande huu wa Ghuba ya Speke watu huishi kwa samaki, dagaa, pamba, mihogo na ng'ombe, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisicho na adui. Viboko hutoka ziwani usiku na kula mashamba. Mifugo huibwa. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamevamiwa mara nyingi wakiwa majini, wakaporwa injini na nyavu na watu wenye silaha. Kwa hiyo mtu wa Kisorya anayeuliza kama anaweza kupata bunduki ya kupiga haraka kuliko gobore la babu yake hastahili kutazamwa kama mhalifu. Mara nyingi ni mtu aliyekwisha kupoteza kitu.

Jibu la sheria kwake ni fupi. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwamo, inazitaka nchi hizo zipige marufuku kabisa raia kumiliki au kutumia bunduki za kivita, ziwe otomatiki au nusu otomatiki. Ndani ya nchi tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Raia anayechunguzwa na kupewa kibali kwa kawaida huishia kwenye shotigani, bastola, gobore, au bunduki ya uwindaji ya kukoki kwa mkono. Naunga mkono mpaka huo bila kusita. Lakini mpaka huo unaitazama bunduki nzima, ilhali bunduki ya leo inaweza kuwa nyingine kabisa kwa kubadilishwa kipuri kimoja, na hapo ndipo mjadala wetu haujafika.

Nusu otomatiki maana yake ni kwamba kila kidole kikivuta kifyatulio hutoka risasi moja, kisha bunduki yenyewe hutoa ganda, huingiza risasi nyingine chemba na kujikoki. Zipo zinazofanya kazi hiyo kwa gesi ya baruti inayochepushwa kutoka kwenye mtutu, na zipo zinazotumia nguvu ya kurudi nyuma ya mlipuko. Kwa jicho la mpita njia, ile inayotoa risasi moja kwa kila mvuto na ile inayomimina mfululizo zinaweza kufanana tangu kitako hadi mdomo wa mtutu. Tofauti imefichwa ndani, katika vyuma vidogo ambavyo askari wa doria hawezi kuviona bila kuifungua.

Soko kubwa la vipuri vya bunduki za aina hii liko Marekani. Katika miaka ya 1950 mhandisi Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite alisanifu bunduki iliyogawanyika katika mafungu yanayotenganishwa kwa pini mbili tu: mwili wa juu unaobeba mtutu, na mwili wa chini unaobeba kifyatulio na kitako. Hataza ya mfumo wake wa gesi ilimalizika mwaka 1977, na viwanda vingine vikawa huru kuunda bunduki za mtindo huo. Kwa kuwa vipimo vyake vilikuwa vimesanifishwa kwa ajili ya jeshi, mtutu wa kiwanda hiki ukaingia kwenye mwili wa kiwanda kile. Mmarekani anayejenga bunduki yake huchagua urefu wa mtutu, aina ya kifyatulio, kitako kinachorefuka na kufupika, darubini, vishikio. Kwa sheria ya nchi yake, ule mwili wa chini wenye namba ndio bunduki. Karibu vyote vilivyobaki huhesabiwa kuwa bidhaa, na vingi huagizwa kwa posta na kuletwa mlangoni.

Uhuru huo una masharti ya kiufundi ambayo chuma hakisamehi. Nafasi kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapokaa chemba lazima iwe ya kipimo maalumu. Ikizidi, ganda hupasuka na gesi humrudia mpigaji usoni; ikipungua, bolti haifungi sawasawa. Mafundi makini hupima nafasi hiyo kwa vipimo vya chuma vilivyochongwa kwa kazi hiyo tu, na hawaamini maneno ya muuzaji kwamba vipuri vyote ni saizi moja. Tundu la gesi nalo lazima lilingane na urefu wa mtutu; gesi ikizidi, bunduki hujipiga kwa nguvu mpaka vyuma vichoke, na ikipungua, risasi hukwama. Tena kuna hatari ambayo imeharibu bunduki nyingi huko: risasi ya .300 Blackout hukaa katika magazini ileile ya risasi za 5.56, na huweza kuingia katika chemba isiyo yake. Ikipigwa humo, mtutu mwembamba hauna pa kuipitisha, na bunduki hupasuka mkononi.

Familia ya AK-47, ambayo Watanzania wengi huiita SMG, ina tabia nyingine. Mtutu wake umeshindiliwa na kufungwa kwa pini, na mwili wa aina nyingi umeunganishwa kwa ribiti, hivyo kubadilisha vyuma vyake vikuu ni kazi ya karakana yenye mashine. Badala yake silaha hizi zilisafiri katika ukanda wetu zikiwa nzima. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka Uganda mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa, na bunduki zikaingia Karamoja kwa wingi. Wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukageuka vita. Sisi wa Mara, ambako uhasama wa mifugo una historia ndefu, tunapaswa kuitazama Karamoja kama jirani aliyetutangulia kuungua.

Silaha ya Mara vijijini, hata hivyo, imekuwa gobore, na gobore ni bunduki ya vipuri kuliko hata ile ya Stoner. Mtutu unaweza kuwa bomba ambalo halikufuliwa kwa kazi ya baruti. Kitako kimechongwa kwa shoka na tezo. Kinu na nyundo vimetengenezwa na mhunzi aliyevipima kwa jicho na tupa. Hakuna namba, hakuna kiwanda cha kulaumiwa, na hakuna aliyeujaribu mtutu huo kwa shinikizo kabla haujakabidhiwa. Ustadi wa wahunzi wetu ni wa kweli, na kwa jembe, panga na mkuki wamelisha na kulinda vizazi. Ila baruti haifuati uzoefu wa jembe. Chuma chenye mshono au kutu ya ndani hakitoi onyo kabla ya kupasuka, na anayelipia kosa hilo ni mtu aliyeuweka mtutu karibu na shavu na kuushika kwa kiganja chake cha kushoto.

Wako watu katika ukanda huu ambao uchaguzi wao wa bunduki unafaa kusomwa kwa makini, nao ni waongozaji wa uwindaji wa kitalii. Kanuni za uwindaji za Tanzania zinataka mtutu wa .375 au zaidi kwa wanyama hatari kama nyati na tembo, na risasi ya .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, bado ndiyo chaguo la wengi. Wengi wao hubeba bunduki ya bolti ya mtindo wa Mauser wa 1898, au yenye mitutu miwili, na hawaioni aibu kukoki kwa mkono. Sababu ni kwamba ukucha mpana wa Mauser huishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini mpaka ganda linapotupwa nje, hata bunduki ikiwa imeinamishwa au mshikaji ametetemeka. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, bunduki isiyokwama ina thamani kuliko bunduki inayomimina.

Ukitazama wanachobadilisha, utaona kiasi chao. Kitako hukatwa au kurefushwa kilingane na mkono wa mwenyewe, kwa sababu bunduki isiyomkaa mtu begani hupiga juu au pembeni. Mpira huwekwa nyuma ya kitako kupunguza teke. Kilengeo cha mbele hupewa tone jeupe lionekane alfajiri. Mkanda huwa imara. Kifyatulio hakilegezwi mpaka kikaweza kufyatuka bunduki ikianguka. Kwa mtu wa kando ya ziwa ningeongeza ulinzi dhidi ya kutu: mafuta ndani ya mtutu, kuifuta kila inaponyeshewa, na kutoihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi unaonyonya unyevu. Mwenye shotigani yenye kibali akitumia fedha zake kumlipa fundi aliyeidhinishwa akague mtutu, abadilishe springi zilizochoka na kurekebisha kitako, amenunua usalama. Akizitumia kutafuta magazini kubwa au kufupisha mtutu, amenunua kitu kingine, na huenda amekwisha kuvuka sheria aliyopewa kibali chini yake.

Hatari ya kipuri peke yake ilionekana waziwazi Christchurch, New Zealand, tarehe 15 Machi 2019, Waislamu 51 walipouawa katika misikiti miwili. Muuaji alikuwa na leseni ya kawaida. Sheria ya wakati ule ilimruhusu kununua bunduki ya nusu otomatiki yenye magazini ndogo, na magazini kubwa ziliuzwa bila kuulizwa leseni yoyote. Kuchomeka magazini kubwa kulitosha kuihamisha bunduki kutoka daraja la kawaida kwenda daraja lililohitaji kibali maalumu, lakini hakuna ofisi iliyokuwapo wakati wa kuichomeka. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mpya chini ya mwezi mmoja baadaye, na jina lenyewe la sheria hiyo linataja bunduki, magazini na vipuri. Serikali iliponunua vilivyopigwa marufuku ilikusanya bunduki zaidi ya 56,000, na vipuri zaidi ya 180,000. Kwa kila bunduki moja iliyorudi, vilirudi vipuri zaidi ya vitatu.

Marekani nako, Oktoba 1, 2017, mtu aliyekuwa ghorofani Las Vegas aliwapiga risasi watu waliohudhuria tamasha, na vifo 60 vimehesabiwa. Baadhi ya bunduki zake zilifungwa kitako cha kuteleza kinachozifanya zipige karibu na kasi ya otomatiki. Serikali ilikipiga marufuku kitako hicho kwa kanuni, lakini Juni 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliitengua kanuni hiyo, kwa hoja kwamba kitako hicho hakiifanyi bunduki kuwa ya otomatiki kwa tafsiri ya sheria iliyopo. Kipande cha plastiki kilibishaniwa miaka mingi kwa sababu watunga sheria walikuwa wameieleza bunduki bila kueleza kinachoweza kufungwa juu yake.

Itifaki yetu ya Nairobi iko mbele kidogo katika hili. Inavitambua vipuri, vikiwamo vya kubadilishia, kama sehemu ya silaha ndogo, mradi viwe vya lazima kwa bunduki kufanya kazi. Hapo kwenye neno la lazima ndipo ninapoona ufa. Mtutu na bolti ni vya lazima. Bila hivyo hakuna bunduki. Magazini kubwa na kitako cha kuteleza si vya lazima, kwa kuwa bunduki hufanya kazi bila hivyo, na ndivyo vilivyotumika kuua Christchurch na Las Vegas. Itifaki ikirekebishwa, na sheria za nchi zikapanuliwa hivyohivyo, kipimo kingepaswa kuwa kile ambacho kipuri kinaiongezea bunduki: kasi, idadi ya risasi, au uwezo wa kufichwa.

Katika wilaya kama Bunda kazi ya kufuatilia vipuri haihitaji mitambo mikubwa. Mwenye kibali anapoipeleka silaha yake polisi, ifunguliwe. Urefu wa mtutu, aina ya magazini na namba za vipuri vikuu viandikwe, na vilinganishwe na rekodi ya mwaka uliopita. Mhunzi anayejua kurekebisha silaha asifukuzwe porini, ambako ataendelea na kazi kwa siri. Apewe njia ya kusajiliwa, kufundishwa na kukaguliwa, ili mtu mwenye gobore halali awe na pa kulipeleka. Na Wizara ya Mambo ya Ndani inapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha haramu, tangazo liseme wazi kwamba mtutu ulio peke yake darini au magazini iliyozikwa nyuma ya nyumba navyo vinapokelewa, bila mleta kuulizwa alivipata wapi.

Yote hayo hayatamfukuza kiboko shambani Kisorya wala mwizi wa injini ziwani, na mtu aliyepoteza kitu ana haki ya kudai zaidi. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama hatari, na malipo ya mazao yaliyohesabiwa kwa ekari na kuwekewa kikomo. Anayelima ekari mbili za mihogo kando ya maji hulinganisha malipo ya mazao ya namna hiyo na njaa ya msimu mzima, kisha huanza kumtafuta mhunzi. Askari wa wanyamapori wanaofika usiku uleule wanaoitwa, fidia inayolipwa kabla ya msimu mwingine wa kulima, na boti ya doria yenye mafuta katika Ghuba ya Speke vingempunguzia sababu ya kwenda huko kuliko onyo lolote la mkutano wa hadhara. Bajeti za silaha na bajeti za wanyamapori hujadiliwa na wizara tofauti. Wabunge wa Mara wanaokaa katika vikao vyote viwili wanaweza kuzileta kwenye meza moja.