Shilingi Mia za Jumatatu: Kumfunza Mtoto Kupanga Pesa Angali Nyumbani

Asubuhi ya siku ya shule, katika nyumba nyingi kuanzia Mtwapa na Mariakani hadi Malindi na Magarini, ombi ni moja: "Mama, nipe ishirini." Sarafu yenye picha ya ndovu hutolewa, mtoto hutoka mbio, na mapumziko yakimalizika imeshageuka mabuyu, achari au viazi karai. Kesho yake ombi ni lile lile. Kwa wiki moja ni Sh100. Kwa muhula wa wiki 12 ni Sh1,200.

Mtoto huyo hushika pesa kila siku ya shule, lakini hajawahi kupanga hata shilingi moja. Alichojifunza ni kuomba na kumaliza. Akitimiza miaka 18 atachukua kitambulisho, atasajili laini ya simu kwa jina lake, na muda si mrefu ataweza kukopa na kucheza kamari akiwa ameketi kitandani. Kosa ambalo angelifanya kwa Sh20 akiwa na miaka minane, atalifanya kwa maelfu, na safari hii atakuwa na deni la kulipa.

Wazazi wengi huona somo la pesa ni la watu wenye pesa. Sivyo. Nyumba yenye kidogo ndiyo inayohitaji zaidi mtu anayejua kukigawa, na somo lenyewe halihitaji shilingi ya ziada. Pesa zinazotumika ni zile zile ambazo mtoto angepewa. Kinachobadilika ni nani anayeamua.

Mpe zote Jumatatu

Chukua mfano wa mtoto wa Gredi ya Nne anayepewa Sh20 kila siku. Badala ya kumpa sarafu moja kila asubuhi, mzazi anampa Sh100 Jumatatu na kumweleza wazi: "Hizi ni zako mpaka Ijumaa. Ukimaliza, sitakuongeza."

Wiki ya kwanza huenda akamaliza zote Jumanne. Atawanunulia marafiki barafu, na Jumatano atarudi amenuna. Hapo ndipo mzazi hujaribiwa. Akimwongeza Sh20 kwa huruma, mtoto amefundishwa kwamba mpango hauna maana, kwa kuwa anayelia huongezwa. Akimkemea na kumwita mharibifu, mtoto atajifunza kuficha. La kufanya ni kumuuliza kwa upole: "Jumatatu ulinunua nini? Wiki ijayo utafanyaje?"

Sharti moja lisivunjwe. Pesa hizi ni za vitu vidogo vidogo, si za chakula cha mchana wala nauli. Mtoto asilale njaa wala asitembee njia ya hatari eti anafunzwa kupanga. Kosa liwe dogo kiasi kwamba linauma bila kudhuru.

Kwa kawaida wiki chache zinatosha kuona mabadiliko. Mtoto ataanza kubakisha, ataanza kuuliza bei, na siku moja atasema hataki mabuyu kwa sababu anaweka pesa za mpira. Mtoto wa chekechea bado ni mdogo kwa mpango wa wiki nzima. Kwake inatosha kutambua sarafu: twiga ni shilingi moja, kifaru ni tano, simba ni kumi, ndovu ni ishirini. Mwalimu wa chekechea anaweza kufanya duka la mchezo darasani kwa vizibo vya chupa na maboksi matupu, watoto wakapokezana kuuza na kununua.

Duka la jirani ni darasa

Karibu kila mtoto hutumwa dukani. Mara nyingi hutumwa kama mkono tu: anapeleka pesa, analeta sukari. Kwa maneno mawili zaidi safari hiyo inakuwa somo. Kabla hajatoka aulizwe: "Unga ni Sh70, chumvi ni Sh20, umebeba Sh100. Chenji itakuwa ngapi?" Akirudi, ahesabu chenji mbele ya aliyemtuma. Ikipungua, arudi dukani kuuliza kwa adabu.

Somo la pili ni la vipimo. Familia nyingi hununua kidogo kidogo kwa sababu mapato huingia kidogo kidogo, na hakuna aibu katika hilo. Lakini mtoto aone hesabu yake. Tuseme robo kilo ya sukari ni Sh45 na kilo nzima ni Sh160. Robo nne zitagharimu Sh180. Anayenunua robo robo amelipa Sh20 zaidi kwa sukari ile ile. Mtoto akijua hivyo ataelewa ni kwa nini mama huweka pesa pembeni mpaka afikishe bei ya kilo, na hatadhani ni ubahili.

Shule zinapokaribia kufunguliwa, mtoto wa miaka kumi na kuendelea aandike orodha ya mahitaji yake mwenyewe: madaftari, kalamu, soksi, viatu. Aulize bei katika maduka mawili, kisha aambiwe kiasi kilichopo. Kisipotosha, yeye ndiye apendekeze kitakachosubiri. Mtoto aliyeamua kwamba begi la mwaka jana lishonwe ili viatu vipya vipatikane hulibeba begi hilo bila manung'uniko.

Kibubu kisiibiwe

Sikukuu za Idi na Krismasi watoto hupewa pesa na wajomba, shangazi na majirani. Kisha husikika ahadi inayojulikana na kila mtu: "Lete nikuwekee." Wengi waliopeleka pesa zao kwa ahadi hiyo hawakuziona tena. Zilinunua mafuta ya taa au zilikamilisha kodi ya nyumba, na huenda hapakuwa na njia nyingine. Lakini mtoto hakuelezwa, na fundisho alilolipata ni kwamba pesa iliyowekwa hupotea na iliyotumiwa ndiyo yako. Mwakani atazimaliza kabla hajafika nyumbani.

Mzazi akibanwa na kulazimika kugusa kibubu cha mtoto, aombe, ataje siku ya kulipa, na alipe siku hiyo. Hata ikiwa ni Sh50. Mtoto aliyelipwa na mzazi wake amejifunza deni ni nini vizuri kuliko angehubiriwa mwaka mzima.

Kibubu kina mipaka yake pia. Kinaweza kuibwa, kuungua au kuliwa na mchwa. Mwaka 2019 Benki Kuu ya Kenya ilileta noti mpya, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huo noti ya zamani ya Sh1,000 haikuwa pesa halali tena. Aliyekuwa amezika akiba yake bila habari alifukua karatasi. Kwa hivyo kibubu kikijaa, pesa zihamie kwenye akaunti. Benki na vyama vingi vya akiba na mikopo hufungua akaunti za watoto zinazosimamiwa na mzazi, na kwa kawaida huhitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto pamoja na kitambulisho cha mzazi. Mzazi aulize kwanza kuhusu ada na kiwango cha chini cha kufungulia, kwani akiba ndogo huweza kuliwa na makato.

Ni vizuri kujua pia kwamba amana za benki zina bima ya hadi Sh500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Bima hiyo haihusu vyama vya akiba na mikopo. Kabla ya kupeleka pesa kwa chama, hakikisha kimesajiliwa, na kwa vile vinavyopokea amana, kwamba kina leseni ya SASRA. Masuala ya vyama vya ushirika ni miongoni mwa majukumu ya kaunti, kwa hivyo mkazi mwenye shaka na aulize katika ofisi ya ushirika.

Kusi na kaskazi

Katika kaunti hii mapato ya nyumba nyingi hayalingani mwaka mzima. Upepo wa kusi ukivuma bahari huchafuka na ngalawa ndogo hukaa ufuoni. Kaskazi ikiingia bahari hutulia na samaki hupatikana. Hoteli za Malindi na Watamu hupungukiwa na wageni wakati wa masika, na vibarua vya hapo hupungua. Mkulima wa Ganze husubiri mvua, na wa korosho husubiri msimu. Mtoto huona tofauti hiyo mezani: mwezi huu kuna samaki, mwezi ule ni mchicha mtupu. Asipoelezwa, atadhani wazazi wameacha kumpenda au wanaficha.

Hesabu yake iko ndani ya uwezo wa mtoto wa Gredi ya Sita. Tuseme nyumba hupata Sh18,000 kwa mwezi katika miezi sita mizuri, na Sh9,000 katika miezi sita migumu. Kwa mwaka ni Sh162,000, yaani wastani wa Sh13,500 kwa mwezi. Nyumba hiyo ikiishi kwa Sh18,000 wakati wa neema, itakopa wakati wa dhiki. Ikiweka kando Sh4,500 kila mwezi mzuri, itakuwa na Sh4,500 za kuongezea kila mwezi mgumu.

Wazee walilijua jambo hili kabla ya benki. Mahindi yalipovunwa, mazuri yalipandishwa juu ya moshi wa jikoni yawe mbegu, na hata njaa ilipobisha, mbegu ilikuwa ya mwisho kuguswa. Akiba ni hiyo hiyo mbegu.

Serikali ya kaunti nayo hupanga vivyo hivyo. Mwaka wake wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na makadirio ya matumizi hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, baada ya wananchi kutoa maoni. Nyumbani pia watoto waitwe wasikie. Si lazima waambiwe kila deni la baba. Inatosha kujua kiasi gani kimetengwa kwa chakula, kodi, karo na dharura, na kwamba kila kinachoongezwa huku kinatoka kule.

Pesa isiyoshikika

Watoto wa leo hukua wakiona pesa zikitoka kwenye simu bila mtu kufungua mkoba. Kwao zinaonekana haziishi. Dawa yake ni ujumbe unaoingia baada ya malipo. Usome pamoja na mtoto: kiasi kilicholipwa, ada iliyokatwa, salio lililobaki. Ajue kuwa kutuma na kutoa pesa kuna gharama. Na namba ya siri asipewe, hata kama ndiye anayejua simu kuliko wote nyumbani. Ajifunze kwamba namba hiyo haitajwi kwa yeyote anayepiga simu, hata ajiite mhudumu.

Kijana wa sekondari aonyeshwe hesabu ya mikopo ya simu kabla hajaikuta. Tuseme mkopo wa Sh1,000 una ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Atalipa Sh1,080, na huenda asione uzito. Lakini akikopa na kulipa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, ada peke yake ni Sh960. Amelipa karibu Sh1,000 kwa ajili ya Sh1,000 ambayo haijawahi kuwa yake.

Kamari ni vivyo hivyo. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini wapo wanaotumia simu za wazazi au kaka zao. Dau la Sh50 kila siku ni Sh1,500 kwa mwezi. Kijana aelezwe wazi kwamba malipo ya kamari hupangwa huku faida ya kampuni ikiwa imeshatolewa, kwa hivyo kadiri anavyocheza mara nyingi ndivyo anavyozidi kupoteza. Hadithi ya jirani aliyeshinda husimuliwa mtaa mzima. Za walioshindwa hazisimuliwi.

Kupanga pesa si kutafuta pesa

Kumfunza mtoto pesa kusigeuke kumtuma kuzitafuta. Kusaidia kibandani baada ya shule ni malezi. Kuachishwa shule ili avunje mawe, achote mchanga au aendeshe bodaboda ni kuvunja haki zake, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda.

Kwa wasichana kuna jambo la kusemwa bila aibu. Sodo ni hitaji la kila mwezi, na liwe na nafasi yake katika bajeti ya nyumba, binti akijua hivyo. Asiye na uhakika huo huweza kuangukia mikono ya mwenye kumpa Sh200 au kumbeba bure kwa pikipiki, kisha akadai malipo. Watoto wote, wa kike na wa kiume, wafunzwe kuuliza: "Pesa hizi ni za nini?" Wakipewa zawadi ya kufichwa, waje nayo nyumbani. Mtoto aliye hatarini, au mtu anayemjua, anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116.

Pa kuanzia

Mzazi asingoje mwezi wenye pesa nyingi. Jumatatu ijayo, zile sarafu tano ambazo zingetolewa moja moja zitolewe pamoja. Kopo la maziwa litobolewe tundu liwe kibubu. Kijidaftari kimoja kiwe cha mtoto kuandika alichopewa, alichotumia na kilichobaki. Ijumaa jioni waketi pamoja kwa dakika kumi, waisome hesabu bila ukali.

Zikiwa zimeisha, somo lipo. Zikiwa zimebaki Sh10, mpongeze, kisha umuulize anataka kuzifanyia nini.