Kuunganisha Ukuta Mpya na wa Zamani Kwataka Hadhari

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku Arua na Koboko tumeshuhudia kinyume chake: mtu hujenga ukuta, na ukuta huo ndio unaomletea ufa.

Wananchi waliokimbilia Sudan na Zaire kwa sababu ya mapigano ya mwaka 1980 waliporejea, wako waliokuta kuta zisizo na paa, wakaanza maisha upya kwa kuongeza chumba ubavuni mwa kilichosalia. Arua ilipopandishwa kuwa jiji mwaka 2020, haja ya vyumba ilikuwa bado kubwa.

Majuzi tulikaribishwa katika nyumba moja kando ya barabara ya Koboko. Mzee mwenye nyumba alituonyesha ufa uliopanda toka sakafuni hadi kwenye mabati, pale chumba kipya kinapokutana na nyumba kuukuu. "Wanangu," alituambia, "mvua ikinyesha usiku, wajukuu huhamisha mikeka."

Kosa lilikuwa nini? Ukuta wa zamani umekwisha kukaa juu ya udongo wake kwa miaka mingi. Ukuta mpya bado unashuka kidogo kidogo. Fundi akiyashikamanisha matofali ya pande zote mbili kwa saruji kali, ukuta mmoja huvuta na mwingine hukataa. Hapo ndipo unapopasuka. Basi msingi mpya hauna budi kufika kwenye udongo mgumu, na uchimbwe bila kuufukua msingi wa zamani chini yake. Kuta zishikwe kwa vyuma visivyoshika kutu, vinavyouzuia ukuta mpya kuanguka lakini vinauruhusu kushuka. Mahali pa kukutania paachwe mwanya mwembamba ulionyooka, kisha uzibwe kwa kitu kinachonyumbulika.

Yafaa pia kuujua ukuta wenyewe kabla ya kuugusa. Nyumba zetu nyingi zina ukuta mmoja mnene wa matofali ya kuchoma, lakini ziko zenye kuta mbili nyembamba na uwazi katikati, wa kiasi cha sentimita 5. Kama hakuna lipu, tazama matofali: ukiona nyuso ndefu tupu, bila vichwa vya matofali, shuku kwamba kuna uwazi ndani. Kazi ya uwazi huo ni kuyazuia maji ya mvua yasivuke kutoka ukuta wa nje kwenda wa ndani. Ukiuziba kwa matofali ya ukuta mpya, au ukiacha saruji idondoke ndani yake, umeyajengea maji daraja. Kwa hiyo uwazi wa zamani uendelee hadi kwenye uwazi wa ukuta mpya. Kama ukuta mpya ni mnene, basi tabaka lisilopitisha maji lisimamishwe wima katika kiungo, toka chini hadi juu.

Kadhalika lile tabaka la kuzuia unyevu chini ya ukuta, ambalo hulazwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, liungane na la zamani. Likikatika hapo, unyevu utapanda na lipu itabambuka.

Tukumbuke kwamba tarehe 20 Mei 1990 ardhi ilitetemeka vikali kusini mwa Sudan, si mbali na mpaka wetu, kwa ukubwa uliozidi 7. Kiungo dhaifu hakingoji mtetemeko wa pili.

Twawashauri wananchi wachimbe msingi wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, mashimo yakiwa makavu. Wasimkimbize fundi, wala wasimlipe kwa kuhesabu matofali aliyoyapanga kwa siku. Jeshini tulifunzwa kwamba safu mbili haziungani kwa kusukumana, bali kila mmoja hushika nafasi yake na kumtazama jirani. Kuta nazo ni vivyo hivyo, na wajukuu wa yule mzee watalala bila kuhamisha mikeka.