Moto Uliokwisha Kuni: Uchovu wa Mwalimu na Mwili Wake

Hebu tumchukue mwalimu mmoja wa sekondari akaaye Moshono, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, chini ya mlima Meru. Si mtu fulani. Ni mfano tu, lakini walimu wengi watamtambua. Anafundisha mikondo minne ya Kidato cha Pili, na kila mkondo una wanafunzi 50. Jumatatu ametoa zoezi moja katika kila mkondo, na jioni mezani pake pana madaftari 200. Akitumia dakika tatu tu kwa kila daftari, atahitaji dakika 600, yaani saa kumi kamili. Na hapo hajaandika andalio la somo la kesho, hajamaliza zamu yake, hajamsikiliza mzazi aliyekuja kulalamika, wala hajapanda daladala kurudi nyumbani kwenye mapishi na watoto.

Miaka mitano baadaye mwalimu huyohuyo huingia darasani, hunakili maneno ubaoni, hutoka. Hakasiriki tena wala hacheki. Mwanafunzi akikosea humwambia “kaa chini”, basi. Wenzake husema amekuwa mvivu. Sisi twadhani kwamba jina hilo aghalabu si la haki, na kwamba sayansi inaweza kutueleza vizuri zaidi yaliyompata.

Mwili unapotishwa

Pundamilia wa Serengeti anapomwona simba, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo kama kofia. Tezi hizo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, njia za hewa hupanuka, sukari iliyowekwa akiba katika ini hutolewa, na damu hupunguzwa tumboni ili ipelekwe miguuni. Muda mfupi baadaye hufuata homoni ya pili, kotisoli, ambayo kazi yake mojawapo ni kuhakikisha kwamba sukari hiyo haikatiki. Kazi zisizo za haraka, kama kuyeyusha chakula na kukua, huahirishwa. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyaeleza matayarisho haya ya kupigana au kukimbia katika kitabu chake cha mwaka 1915.

Pundamilia akiokoka, hurudi kula majani. Kotisoli yenyewe huuarifu ubongo kwamba imetosha, na mitambo yote hutulia.

Mwalimu hakimbizwi na simba. Hata hivyo matokeo ya mtihani wa taifa, maneno makali ya mkubwa wa kazi mbele ya wanafunzi, au mkopo ambao marejesho yake hula nusu ya mshahara, huamsha njia ileile ya tezi na homoni. Tofauti ni kwamba simba huyu haondoki. Yupo Jumatatu, yupo Ijumaa, na usiku hulala chumbani.

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Montreal, Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Aliwatia panya katika baridi kali, akawajeruhi, akawachosha kwa mazoezi, akawapa sumu za namna mbalimbali. Taabu zilikuwa tofauti, lakini mwili ulijibu kwa namna moja: tezi za juu ya mafigo zilikua, tezi ya thaimasi inayolea chembe za kinga ilisinyaa, na tumboni vikatokea vidonda. Hali hii ndiyo baadaye ikajulikana duniani kwa jina ambalo sisi tunaliita mkazo, au msongo. Selye alidhani kwamba mwishoni mwili hushindwa kwa sababu akiba yake imekwisha. Wataalamu wa leo hawakubaliani naye sana katika hilo. Mara nyingi tezi haziishiwi. Kinachodhuru ni ulinzi wenyewe kuendelea bila kusimama, kama pampu ya maji iliyoachwa ikivuma usiku kucha. Shinikizo la damu hupanda, usingizi huwa mwepesi, kumbukumbu hupungua, kinga ya mwili huvurugika.

Tuseme neno moja pembeni kuhusu vidonda vya tumbo, maana walimu wengi huamini kwamba huletwa na mawazo tu. Katika miaka ya 1980 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha kwamba visa vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Msongo huenda ukauzidisha ugonjwa huo, lakini dawa ipo. Mwalimu mwenye maumivu ya tumbo asijifariji kwa kusema “ni mawazo”; akapimwe.

Uchovu usioondoka kwa likizo

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika juu ya wafanyakazi wa kliniki ya bure, wengi wao wakiwa wa kujitolea. Aliona kwamba waliochoka kabisa hawakuwa wazembe, bali ni wale waliojitoa zaidi. Hali yao aliiita kwa neno la Kiingereza linalotumiwa kwa moto uliokwisha kuni. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa hojaji ya kuipima, wakitaja mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuwaona watu unaowahudumia kama vitu, na kuhisi kwamba kazi yako haina faida. Mtazame tena mwalimu wetu. Yale “kaa chini” yake yamo katika jambo la pili.

Shirika la Afya Duniani limeueleza uchovu huu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Hata hivyo, halikuuita ugonjwa. Limeuita tukio la kikazi, litokanalo na msongo wa kudumu kazini usiodhibitiwa vyema. Ni vema kuutenga na sonona, ambayo ni ugonjwa na humfuata mtu hata nje ya kazi: asiyefurahia kitu chochote kwa majuma mawili au zaidi, au anayewaza kujidhuru, asingoje likizo, bali aende hospitali.

Walivyotufundisha nyani

Ng'ambo ya mpaka wetu, katika Maasai Mara, Kenya, Mmarekani Robert Sapolsky alianza kuchunguza nyani mwaka 1978. Aliwapiga kwa sindano ya usingizi, akachukua damu na kupima kotisoli. Aliona kwamba madume ya chini, yanayoonewa bila kujua kipigo kitatoka wapi, aghalabu yalikuwa na kotisoli nyingi hata wakati wa utulivu.

Kisha likatokea jambo lisilotarajiwa. Katika miaka ya 1980 madume makali ya kundi moja yalizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, yakaambukizwa kifua kikuu huko, yakafa. Waliobaki walikuwa wapole. Mwaka 2004 Sapolsky na Lisa Share walieleza kwamba miaka mingi baadaye, ingawa madume ya zamani yalikuwa yamekwisha na mapya kuingia, upole ulikuwa bado upo, na madume ya chini hayakuonyesha dalili za msongo kama za makundi mengine. Chakula kilikuwa kilekile na pori lilelile. Kilichobadilika ni namna wakubwa walivyowatendea wadogo.

Mwalimu si nyani, na ofisi ya walimu si pori (ingawa wako watakaobisha). Lakini hata kwa wafanyakazi binadamu Robert Karasek alionyesha mwaka 1979, kwa takwimu za Marekani na Uswidi, kwamba hatari huzidi pale kazi nyingi inapoambatana na uwezo mdogo wa kuamua jinsi ya kuifanya.

Hapa kwetu kazi imeongezeka kwa sababu njema. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Ada ya msingi ikafutwa tena miaka ya 2000. Na tangu Januari 2016 ada imeondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali. Kila mara watoto walifika kabla ya walimu na madarasa. Jiji la Arusha nalo limekua kutoka watu 416,442 katika sensa ya 2012 hadi 617,631 mwaka 2022.

Jambo hili lawahusu wanafunzi pia. Mwaka 2016 Eva Oberle na Kimberly Schonert-Reichl wa Kanada walipima kotisoli katika mate ya watoto wa shule ya msingi. Watoto ambao walimu wao walikuwa wamechoka zaidi walikuwa na kotisoli zaidi asubuhi. Utafiti huo hausemi nani alimwanza mwenzake; darasa gumu laweza kumchosha mwalimu kama vile mwalimu aliyechoka awezavyo kulitia darasa wasiwasi.

Sasa turudi kwenye madaftari 200 ya Moshono. Tuseme mwalimu anasahihisha kwa makini madaftari 10 tu ya kila mkondo kwa kila zoezi, kwa zamu, na mengine wanafunzi wanabadilishana na kusahihishana darasani huku yeye akieleza majibu. Madaftari ni 40, dakika ni 120. Baada ya mazoezi matano kila mwanafunzi atakuwa amesomwa na mwalimu mwenyewe. Saa nane zimeokolewa kila mara, bila shilingi moja kutumika. Lakini mwalimu hawezi kuuanza mpango huu peke yake. Idara na mkuu wa shule wasipoukubali kwa maandishi, siku ya ukaguzi ni yeye atakayeulizwa kwa nini madaftari 160 hayana sahihi yake.